Nani Atamvika Mama?

Siku hizi ni vigumu kuona sherehe isiyo na sare. Sherehe ya kumuaga bibi harusi ina sare, kipaimara kina sare, jubilei ya ndoa ina sare, na hata msibani utawaona mashangazi na wakwe wamevaa kitenge cha aina moja. Sare ni kitu kizuri. Humwonyesha mgeni wenye shughuli ni akina nani, hupendeza katika picha, na huwafanya ndugu waliotawanyika mikoani wajione tena ni watu wa nyumba moja. Lakini wasomaji wengi wanajua pia kwamba kitambaa hicho hicho kimekwisha kuwagombanisha ndugu wengi wa tumbo moja. Nasi tumo katika hesabu hiyo.

Tunaandika haya tukiwa akina dada watatu, kwa sababu kosa lilikuwa la watatu. Aliyeshika kalamu ni wa pili katika sisi. Ni muuguzi mwenye stashahada, aliyefanya kazi wodini kwa zaidi ya miaka ishirini, na siku za Jumamosi huenda pamoja na akina mama wa usharika kuwatembelea wagonjwa majumbani. Yeye ndiye mwenye sehemu kubwa ya kosa, na sababu yake mtaiona hapo mbele.

JUBILEI YA WAZAZI

Kwetu ni Marangu, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro. Tumezaliwa sita, mabinti wanne na wavulana wawili. Baba na mama walifunga ndoa Desemba 1972. Ilipokaribia Desemba 2022 tukakubaliana kuwafanyia ibada ya shukrani na sherehe nyumbani, tarehe 28, wakati watu wa kwetu wote wamekwisha kupanda mlimani kula Krismasi. Kamati iliundwa, michango ikaanza. Kaka zetu walichukua mambo ya ndafu, mbege, maturubai na viti. Sisi mabinti tukakabidhiwa mavazi.

Yafaa mjue hali ya mama ilivyokuwa. Shinikizo la damu lilikuwa limemsumbua kwa miaka mingi, na mwaka 2020 alipatwa na kiharusi. Mungu alimnusuru. Alirudi kusema vizuri, alikula kwa mkono wake wa kulia, na aliweza kupiga hatua chache akishikwa. Lakini mkono wa kushoto haukurudi. Ulibaki umelala tu kama kitu cha mtu mwingine.

Aliyekuwa akimhudumia ni kitinda mimba wetu, anayeishi nyumbani na wazazi. Siku za soko aliuza ndizi na mboga, na siku nyingine zote alishinda na mama. Alimwogesha, akamvika, akampa dawa, akamgeuza usiku ili asipate vidonda vya mgongo. Sisi wengine tulikuwa Dar es Salaam, Dodoma na Arusha. Tulituma fedha kila mwezi na kupiga simu kila Jumapili baada ya ibada, tukajiona watoto wema.

SARE TULIYOICHAGUA

Dada mkubwa alizunguka Kariakoo siku mbili akapata lesi ya rangi ya bluu ya bahari. Tuliipenda mara moja. Kitambaa kilikuwa shilingi 90,000 kwa kila mmoja, bitana 15,000, ufundi 60,000, kilemba 20,000, na viatu vya mchuchumio vya rangi ya fedha 45,000. Jumla 230,000. Mshono ulikuwa wa kubana mpaka magotini, kisha gauni likifunguka chini kama mkia wa samaki. Kwa mama tuliagiza gauni jeupe la lesi, lenye mikono mirefu ya kubana na zipu mgongoni, tukiliiga lile alilovaa katika picha ya harusi yake iliyokwisha kufifia.

Tuliweka picha za vitambaa na mishono katika kundi la WhatsApp la ukoo, lenye watu 34. Wote wakasifu. Baada ya siku mbili mdogo wetu akaandika maneno machache: "Dada zangu, sare ni nzuri. Mimi nitavaa gauni la kitenge. Na mama naomba ashonewe la vifungo mbele."

Basi, ni hayo tu. Hakueleza sababu, nasi hatukuuliza. Dada mkubwa akamjibu kwamba ukoo mzima umekubali, yeye ni nani hata avunje mpango? Yule wa tatu alidhani shida ni fedha, naye akaandika hapo hapo mbele ya watu wote: "Kama ni pesa sema tu, mdogo wangu, tutakuchangia." Jibu likaja: "Sikuomba mchango." Kisha akajitoa katika kundi.

Tulisema mengi siku zile. Tulisema ana kiburi. Tulisema ana wivu kwa kuwa sisi tuna kazi za ofisini. Tulisema amekaa sana na mama mpaka anadhani mama ni wake peke yake. Muuguzi alimpigia simu jioni mbili hakupokea, na ya tatu akapokea akasema, "Dada, nina mama bafuni," akakata. Tukahesabu kwamba tumekwisha kujaribu.

NENO "AMEKATAA"

Hapa muuguzi ana jambo la kukiri. Wodini kila mgonjwa ana kadi ya dawa. Mgonjwa asipomeza dawa yake, muuguzi huandika kwamba amekataa. Lakini tangu chuoni tunafundishwa kwamba neno hilo ni mwanzo tu wa kazi. Inakupasa uketi karibu naye umwulize. Huenda kidonge ni kikubwa na koo linamuuma. Huenda cha jana kilimtapisha. Huenda hajala kitu tangu asubuhi. Huenda hakuelewa ni dawa ya nini. Ukishajua sababu, unamwarifu daktari, na mara nyingi shida hutatuliwa kwa jambo dogo sana.

Mdogo wetu tulimwandikia "amekataa sare", tukafunga faili.

Tangu utoto, katika shule ya Jumapili, tulifundishwa habari za Yusufu na kanzu aliyoshonewa na baba yake. Tulimhurumia sana Yusufu, tukawalaani ndugu zake waliokuwa hawawezi hata kumpa salamu njema. Haikutupitia akilini kwamba siku moja vazi lingeingia kati yetu, na kwamba katika habari hiyo sisi tungekuwa upande wa wale ndugu.

USIKU WA TAREHE 27

Tulifika nyumbani kabla ya Krismasi. Mdogo wetu alitupokea kwa heshima, akatupikia mtori, lakini maneno yalikuwa machache. Usiku wa kuamkia sherehe tulimfuata jikoni. Tulimwambia kwamba bado kuna nafasi, kwamba kitambaa chake tumekuja nacho, na fundi wa njia panda anaweza kukesha. Alikataa tena. Dada mkubwa akamwambia, "Utatuaibisha mbele ya wakwe."

Akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Dada, mmewahi kumnyanyua mama?"

Kama tungekuwa na masikio, jibu lote lilikuwa katika swali hilo. Lakini sisi tuliliona ni simango. Mmoja wetu, na hatutataja ni nani kwa kuwa wote tuliafiki, akamjibu, "Usitusimange kwa kumlea mama. Pesa za dawa zinatoka wapi?"

Mdogo wetu hakujibu. Alichukua ndoo akatoka nje gizani. Baadaye alitwambia kwamba habari ya sare ilikwisha kumtoka moyoni usiku ule ule, lakini neno la pesa za dawa lilimkaa miezi.

MKONO WA KUSHOTO

Ibada ilikuwa saa nne asubuhi. Saa mbili tuliingia chumbani kumvika mama, na mdogo wetu tulimwambia aangalie chai ya wageni. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mchangamfu, akituuliza kama baba amenyoa ndevu.

Tulianza na mkono wa kulia kwa sababu ulikuwa mwepesi kuingia. Ukaingia vizuri. Ulipobaki wa kushoto, gauni lilikuwa limekwisha kukaza mgongoni na mkono wa lesi ulikuwa mwembamba. Haukupita. Dada mkubwa akauvuta. Mama akapiga kelele, kelele ambayo hatujaisahau mpaka leo.

Tuwaeleze kwa nini. Mtu akipatwa na kiharusi, misuli inayolishika bega la upande uliolegea hukosa nguvu, na kiungo hicho huning'inia. Ukiuvuta mkono ule unalivuta bega zima, nalo huuma sana na laweza kuumia. Kwa hiyo kuna kanuni ambayo kila muuguzi anaijua: mkono dhaifu huvikwa kwanza na huvuliwa mwisho, na mgonjwa asivutwe kwa mkono kamwe. Muuguzi wetu ameifundisha kanuni hiyo kwa wanafunzi wengi. Amewafundisha ndugu za wagonjwa mlangoni mwa wodi siku ya kuruhusiwa. Asubuhi ile alikuwa amesimama na kilemba cha mama mkononi, akitazama saa.

Mdogo wetu alisikia akaja mbio kutoka jikoni. Hakusema neno. Aliutoa kwanza mkono wa kulia, kisha akaliteremsha gauni taratibu upande wa kushoto. Akafungua sanduku la mama akatoa gauni la kitenge lenye vifungo mbele kuanzia shingoni hadi chini, na mikono mipana. Lilikuwa kitenge kile kile alichovaa yeye. Alikuwa amelishonesha tangu Oktoba kwa fundi wa kijijini, baada ya kuona ombi lake halikujibiwa. Kipande cha yadi sita cha kwake na kingine cha mama, basi.

Akaweka kiganja chake chini ya kiwiko cha mama, akauingiza mkono wa kushoto mpaka begani. Akalizungusha gauni mgongoni, akauingiza mkono wa kulia, akafunga vifungo. Hazikupita dakika tano. Mama alijifuta machozi akasema, "Hili ndilo langu."

Ndipo muuguzi akamtazama mdogo wake kwa mara ya kwanza tangu tufike. Gauni pana linaloruhusu kuinama. Mikono mifupi iliyoishia juu ya kiwiko. Viatu vya chini vilivyofungwa. Hana pete wala bangili. Nywele zimefungwa nyuma. Mbona vazi hilo tunalijua? Sare ya muuguzi imeundwa hivyo hivyo, na kila kitu kina sababu yake. Mikono ni mifupi ili upate kunawa hadi kwenye kiwiko. Viatu ni vya chini ili usiteleze ukiwa umemshika mgonjwa. Saa hubanwa kifuani badala ya kuvaliwa mkononi, isimchubue mtu na isibebe uchafu. Mdogo wetu, ambaye hakusomea uuguzi hata siku moja, alikuwa amejichagulia sare ya kazi. Alijua nani atamsindikiza mama chooni siku nzima ile. Alimpeleka mara tatu. Sisi, kwa mkia wetu wa samaki, hata kupanda gari tulishikwa mkono.

PICHA

Tungependa kuwaambia kwamba hapo hapo tulimwomba msamaha. Haikuwa hivyo. Aibu ya asubuhi ile ilikuwa haijageuka toba, ilikuwa bado ni hasira. Tulijisikia ametushinda mbele ya mama, na mtu anapojiona ameshindwa hutafuta mahali pa kulipiza.

Baada ya ibada mpiga picha aliita watoto wa wanajubilei. Tulijipanga nyuma ya wazazi. Mdogo wetu alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha magurudumu kama kawaida yake. Dada mkubwa akasema, "Wenye sare kwanza." Tulisikia sote, na hakuna aliyemkataza. Mdogo wetu akasogea pembeni.

Neno "kwanza" lina maana kwamba kutakuwa na pili. Lakini wakwe waliingia, mshereheshaji akaita watu wa ndafu, mvua ikatishia, na ya pili haikupigwa. Hatukumwita, naye hakuja.

Picha ile imetundikwa sebuleni nyumbani. Baba yuko ndani ya suti, mama ndani ya kitenge chake, sisi watatu tumevaa bluu, kaka zetu wawili wana tai za rangi hiyo hiyo. Ukitazama vizuri pembeni utaona mkono wa mtu umeshika kiti cha mama. Uwanja wa kanisa letu una mteremko, na mdogo wetu hakuthubutu kukiachia.

JANI LA SALE

Januari, Februari na Machi 2023 zilipita. Mdogo wetu alipokea simu zetu kama karani: mama amekula, mama amelala, dawa zimebaki za wiki moja. Waswahili wamesema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tulianza kuulizana wenyewe kwa wenyewe, tunajua nini habari za kitanda cha mama? Dada mkubwa ndiye aliyelia kwanza. Alikiri kwamba kila alipoitazama picha ile katika simu yake aliuona ule mkono tu.

Pasaka ya mwaka ule, mwezi wa Aprili, tulipanda nyumbani sote watatu. Tulikuwa tumenunua kitenge kizuri cha kumpa mdogo wetu. Mama mkubwa, dada yake mama, alipokiona alitikisa kichwa. "Mnataka kumfunga mdomo kwa nguo tena?" akasema. "Nendeni mkakate sale."

Kwa wasio Wachaga tueleze kidogo. Sale ni mmea wa majani marefu ya kijani ambao kwetu hupandwa kwenye mipaka ya vihamba na makaburini. Jani lake ni alama ya amani. Aliyemkosea mwenzake hulifunga fundo, akalipeleka kwa mkono wa mtu anayeheshimiwa, na aliyekosewa huona vigumu sana kulikataa. Sisi ni Wakristo wa vizazi vitatu, na hatukuona kwamba jani lachukua nafasi ya toba. Lilitusaidia tu kuanza, maana midomo ilikuwa mizito.

Mama mkubwa alitangulia nalo, sisi tukafuata nyuma. Mdogo wetu alikuwa anapura maharage uani. Alipoliona jani alikaa kimya muda mrefu, kisha akafuta mikono akalipokea. Tukaketi chini pamoja naye. Tulimwambia, "Mdogo wetu, tumekukosea. Tuambie ulivyoumia."

Alitwambia mambo matatu. La kwanza, hakuwahi kuichukia sare. "Mngeniuliza tu, Dada. Ningewaambia siwezi kumbeba mama nikiwa nimevaa lile gauni." La pili, kutangaziwa mchango mbele ya watu 34, wakiwamo wakwe na watoto tuliowazaa sisi wenyewe, kulimfanya aonekane ombaomba, naye siku ile ile alikuwa amenunua kitenge chake na cha mama kwa fedha yake ya ndizi. La tatu lilikuwa neno la pesa za dawa. "Pesa mnaleta, namshukuru Mungu. Lakini pesa haimgeuzi mtu saa nane za usiku."

Kisha akatuomba jambo moja tu. Hakuomba fedha wala nguo. Aliomba kwamba kila mmoja wetu, kwa zamu, aje akae na mama wiki moja ili naye apate kupumzika.

ZAMU

Tulipanga zamu, na kaka zetu wakaingia. Muuguzi alianza. Alidhani ni kazi anayoijua, kwa kuwa ameifanya maisha yake yote. Siku ya tatu mgongo ulikuwa unamuuma na macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Hospitalini muuguzi ana mwenzake wa kusaidiana kumgeuza mgonjwa, na zamu ikiisha anakabidhi, anavua sare, anaenda zake. Nyumbani hakuna wa kumkabidhi. Ukilala unalala na sikio moja wazi. Mdogo wetu alikuwa na miaka miwili na zaidi katika zamu isiyo na mwisho, na sisi tulimwona ana kiburi kwa sababu hakutaka lesi.

Zamu zile zilitupatia na baraka ambayo hatukuitarajia. Kila mmoja wetu alipata wiki kadhaa za kuketi na mama, kumsikiliza, kuchekeshwa naye. Maana Machi 2024 mama aliitwa.

Siku ya kumwandaa tuliingia akina mama wa nyumba. Lile gauni jeupe lilikuwa bado limetundikwa kabatini, halijavaliwa. Mtu mmoja akauliza mama avae lipi. Sisi watatu tukamgeukia mdogo wetu tukamwambia, "Wewe ndiye unayejua."

Akatoa kitenge cha vifungo mbele. Akaweka kiganja chini ya kiwiko cha mama, akaanza na mkono wa kushoto, taratibu, kama siku zote. Dada mkubwa alifumbua mdomo kama mtu anayetaka kusema kwamba mama haumwi tena. Kisha akaufumba. Akaenda upande wa pili akamsaidia kwa mkono wa kulia.

Msibani hatukuwa na sare. Kila mmoja alivaa kitenge alichokuwa nacho.

KWA WENZETU

Akina mama wapendwa, hatusemi sare ziachwe. Tunawaomba jambo jingine. Kabla kamati haijachagua kitambaa, ulizeni siku hiyo nani atafanya nini. Nani atambeba bibi? Nani atanyonyesha mtoto? Nani atasimama jikoni tangu alfajiri? Mshono ufuate kazi ya mvaaji. Mwenye mtoto mchanga anahitaji vifungo mbele, na mwenye kupika anahitaji mikono mifupi. Kitambaa kinaweza kuwa kimoja na mishono ikawa mingi, na picha ikapendeza vile vile.

Jambo la pili, habari ya fedha ya ndugu yako izungumze naye mkiwa wawili. Bei ya kitambaa nayo ipangwe kwa mfuko wa yule mwenye kidogo kuliko wote, bila kumtaja jina.

Jambo la tatu, ndugu akisema "sitaki", usiandike "amekataa" ukafunga faili. Nenda kaketi naye. Muulize mara ya kwanza, na kama hakujibu, jiulize kama amekuwa na nafasi ya kujibu.

Na kwa ninyi wenye mgonjwa wa kiharusi nyumbani, kumbukeni kanuni ya mkono dhaifu: uvikwe kwanza, uvuliwe mwisho. Mshoneeni nguo pana, za vifungo mbele. Mvikeni akiwa ameketi imara, na viatu vyake viwe vya chini, vilivyofungwa, visivyoteleza. Ushikeni mkono wake kwa kuuinua kutoka chini, msimvute. Bega likiuma, mwoneni mtaalamu wa mazoezi ya viungo au muuguzi wa zahanati iliyo karibu. Na yule anayemhudumia mchana na usiku, mwulizeni alilala saa ngapi.

Waswahili wana methali isemayo ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sisi tulipatana, tunamshukuru Mungu, na leo mdogo wetu ndiye tunayempigia simu kwanza tukiwa na jambo. Lakini picha ya miaka hamsini ya ndoa ya wazazi wetu ilipigwa mara moja tu. Watoto wetu wakienda likizo kwa babu huisogelea, wakaweka kidole pembeni na kuuliza, "Mkono huu ni wa nani?"

Tunawajibu kwamba ni mkono wa mama mdogo. Kisha tunawaketisha chini na kuwaeleza habari hii yote, bila kujificha.